Kadi Mbele ya Kifaru

Sendai, 9 Machi 1996

Baba, shikamoo.

Huku theluji bado imelala juu ya mapaa, ingawa mchana inaanza kudondoka. Natumaini huko Shimizu mmeshazima majiko ya mafuta na Mama ameanza kuanika magodoro nje.

Kifaru cha plastiki kitafika kesho kutwa kwa gari la vifurushi. Nimekifunga kwenye boksi la machungwa na kukizungushia pamba, na mzinga nimeuachia nafasi usiguse kitu. Ukikitoa, kishike tumboni. Usishike minyororo. Nimeivuta kwa nguvu kuliko kawaida ili ilale juu ya magurudumu kwa uzito wa chuma, isielee kama mpira. Mvuto wote huo unabebwa na ekseli za mbele na za nyuma, na plastiki yake ni nyembamba kama njiti ya kiberiti. Matope ni chaki niliyoisaga mwenyewe, kavu. Sehemu ya chini sikutia tina ya kuyeyushia rangi hata tone, na wewe usitie. Tina ikikutana na plastiki iliyovutwa inaila kimyakimya, na baadaye kitu kinakatika bila mtu kukigusa. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo nikiwa darasa la sita, siku niliyolilia gari langu la kwanza lililokatika.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Tangu mikono yako ilipoanza kutetemeka, mimi najenga huku na wewe unaweka mezani huko. Kila Mei chama chenu kinapanga magari yake ya mfano ukumbini, na mbele ya kila gari kuna kadi yenye jina la mjenzi. Kila Mei kadi ina jina lako, Katsumata Tokuzo. Nilikubali bila kuombwa mara mbili. Wewe ni mwenyekiti wao, na nilijua ukiikosa meza ile hutakuwa na pa kwenda.

Mwaka huu naomba kadi iandikwe jina langu.

Kuna karakana Tokyo inayojenga mifano kwa ajili ya makumbusho, na inatafuta mtu mmoja. Niliwaandikia. Bwana Kuze, mkuu wao, alijibu kwamba hawachukui mtu kwa barua wala kwa picha, ila Mei atakuja kwenye maonyesho, nimwambie tu kazi yangu itakuwa meza gani. Nimemwambia: meza ya chama cha Shimizu, kifaru chenye matope, jina langu litakuwa mbele yake.

Nimesoma mpaka shahada ya pili, Baba, na kazi yangu ni kubandika namba kwenye vigae ambavyo watu wengine wamevichimba na watu wengine watavieleza. Mkataba wenyewe ni wa mwaka mmoja mmoja. Kitu pekee ninachokifanya vizuri kuliko watu wengi ninaowajua ni hiki kilichomo ndani ya boksi la machungwa.

Nisalimie Mama.

Chinami


Shimizu, 20 Machi

Chinami,

Mama yako anaandika, mimi nasema, kama kawaida.

Kifaru kimefika kizima. Mfuniko wa dereva umeuacha wazi. Nani alikwambia? Gari limetoka kwenye matope hadi kiunoni halafu dereva amekaa mlango wazi kama anauza samaki? Lakini kutu ya kwenye bomba la moshi ni nzuri. Sijui umeipataje. (Mama hapa. Ameitazama kutu hiyo kwa kioo cha kukuzia mpaka chai ikapoa.)

Bwana Hikita wa chama alipita jioni, nikakifunika kwa gazeti. Akasema, "Katsumata, umeficha nini, mke wa pili?" Nikamwambia kazi haitazamwi kabla ya siku yake. Akasema watu wa chama wanangoja matope yangu kama wakulima wa chai wanavyongoja jua. Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema.

Kuhusu kadi. Umekaa huko na vitabu vyako umeona ni jambo la karatasi. Hawa watu wamekuwa wakitazama magurudumu kwa kioo maisha yao yote. Ukiweka jina lako kwenye hiki, watautazama mkono, halafu watakwenda kuzitoa picha za mwaka jana na za mwaka juzi. Watanikuta nimesimama pale. Unataka niwaambie nini?

(Nimemuuliza niandike nini, akasema usiandike kitu. Naandika.)

Tutaona.

Baba yako

(Kula vizuri. Umekonda kwenye picha ya mwaka mpya. Mama.)


Sendai, 2 Aprili

Baba,

Theluji imekwisha, yamebaki marundo meusi kando ya barabara ambayo hakuna anayeyataka.

Umeuliza utawaambia nini. Waambie kwamba mwaka huu binti yako ameanza kujenga. Wakisema mkono unafanana, waambie ulimfundisha wewe, na huo ndio ukweli. Sikuombi vile vya nyuma. Gari la kuvukia mto lililopigwa picha na gazeti libaki lako, na kile cha jangwani ambacho Bwana Hikita anakisifia kila harusi na kila msiba nacho kibaki chako. Sitamwambia mtu maisha yangu yote. Naomba hiki kimoja.

Nikuambie kilivyojengwa, kwa sababu hujaniuliza. Pingili za mnyororo zilikuja na alama ya duara kila moja, mahali zilipotolewa kwenye kalibu. Hakuna atakayeziona, ziko upande wa ndani. Nilizijaza moja moja na kuzisugua kwa msasa uliokunjwa kwenye ncha ya kibano. Wenzangu walikwenda kwenye maji ya moto milimani. Waliponiuliza kwa nini siendi nikasema nina mafua. Ningesemaje? Msichana wa miaka ishirini na sita anakaa sakafuni Jumamosi nzima akisugua vitu ambavyo hakuna atakayeviona, ili mzee mmoja huko Shimizu apongezwe. Najua nikitazamwa kutoka nje ninaonekanaje. Lakini nikiwa ndani yake, Baba, ni mahali pekee ambapo kichwa changu kinanyamaza. Nadhani unajua nasema nini. Nadhani ndiyo sababu huwezi kuiachia meza ile.

Kwa hiyo nakuomba kama mtu anayejua.

Chinami


Shimizu, 26 Aprili

Chinami,

Chai mpya imeanza kuchumwa mlimani na Mama yako amekutumia pakiti. Usiinywe na maji yanayochemka kama ulivyofanya mwaka jana ukasema chungu.

Kadi ataandika Mama yako, mwandiko wake unajulikana ukumbini. Wewe acha kuniandikia mpaka maonyesho yapite. Kila bahasha yako ikija Mama yako ananisomea kwa sauti kama hakimu.

Kifaru hakina kasoro. Ndiyo kasoro yake. Kimekaa kama kimesoma chuo kikuu.

Baba yako

(Nilicheka, samahani. Amesema kadi nitaandika mimi. Nimeshanunua karatasi nzuri. Mama.)


Shimizu, 20 Mei

Chinami,

Maonyesho yamepita. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka jana, mvua haikunyesha.

Kadi ilikuwa na jina lako.

Bwana Kuze alikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Ni mtu mrefu, mpole, anashika mikono yake nyuma. Alisimama mbele ya kifaru muda mrefu, akasoma jina, tukazungumza. Mengine yako kwake.

Umepata ulichokitaka.

Baba yako


Sendai, 23 Mei

Baba, Mama,

Nimeisoma barua yenu nikiwa nimesimama mlangoni na viatu mguuni, halafu nikakaa pale pale kwenye ngazi.

Baba, niliandika maneno makali mwezi wa nne. Nimekuwa nikiyarudia kichwani nikiona aibu, hasa lile la harusi na msiba. Najua kadi ile ilikugharimu nini mbele ya Bwana Hikita na wenzake. Umesimama pale siku mbili karibu na jina lisilo lako, na watu wakikuuliza chako kiko wapi. Nilifikiri hutaweza. Nilikuwa nimeshajiandaa kukuchukia, na ninawaambia hili ili nisiwe mwongo katika barua ya furaha.

Leo kazini nimemwambia mtu kwa mara ya kwanza. Tuna mwenzetu mmoja, mama wa makamo, anaosha vigae. Nikamwambia, "Mimi najenga vifaru." Akasema, "Vya kweli?" Nikasema vya plastiki. Akafikiri kidogo, akasema, "Afadhali." Tukacheka mpaka mkuu wa ghala akatoka kutazama.

Naingoja barua ya Bwana Kuze. Nikienda Tokyo, kutoka hapo Shimizu ni saa chache tu kwa treni, nitakuwa nakuja kila mwisho wa mwezi, na tutajenga pamoja, wewe ukisema na mimi nikishika. Hatutaficha.

Kadi msiitupe. Nitumieni.

Chinami


Shimizu, 27 Mei

Kwa Binti Katsumata,

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mzee usiyemkumbuka. Mimi ni Hikita, katibu wa chama. Mara ya mwisho kukuona ulikuwa na sare ya shule na meno ya mbele mawili hayapo.

Naandika kukupa moyo, maana kama mimi ningekuwa wewe ningekuwa nimeshavitupa vibano vyangu baharini. Usivitupe. Hakuna mtu ukumbini ambaye hajavunjikiwa. Mimi mwenyewe nilivunjikiwa na lori zima mbele ya meya. Kosa lako ni kosa la kila anayeanza: tina nyingi mno sehemu ya chini. Ilikuwa imetuama kwenye magurudumu, hata boksi lilikuwa bado linanuka. Minyororo imevutwa vile, halafu unaimwagia tina, basi ni suala la saa tu. Muulize baba yako, atakufundisha. Mkono wako una akili, lakini hauna subira.

Jambo jingine lazima nikuambie, maana najua yeye hatakuambia. Asubuhi ya Jumamosi tulipopanga meza, kadi iliyokuwa mbele ya kifaru ilikuwa na jina lake. Nikadhani ni chake, nikakisifia. Nikaenda kununua chai. Niliporudi ekseli ya mbele ilikuwa imekatika, mnyororo umeruka na kulala mezani, gurudumu moja liko chini sakafuni, na kadi ilikuwa ni yako. Nikamwambia, "Katsumata, mbona kadi imegeuka?" Akasema, "Hiki ni cha binti yangu. Sikutaka kuchukua sifa ya mtoto."

Nilimtazama, macho yakaniuma. Sisi wengine tungekificha chini ya meza. Yeye alikiacha pale pale, kimevunjika, na jina lako mbele, ili watu wajue kwamba umejaribu. Alipopita yule bwana mrefu wa Tokyo akauliza huyu ni nani, baba yako akamwambia, "Ni binti yangu, anajifunza." Halafu wakaongea nusu saa juu ya kazi za baba yako za zamani. Yule bwana alikuwa na picha ya gari la kuvukia mto ndani ya pochi yake. Hebu fikiria.

Una baba wa namna ya peke yake. Mwakani lete kingine.

Hikita Jinpachi


Sendai, 1 Juni

Baba,

Bwana Hikita ameniandikia. Ni mtu mwema na hakujua anachokifanya.

Mimi sikutia tina. Nilikuandikia usitie. Najua kwa nini uliitia. Kwa mkono wako wa sasa huwezi kushika brashi nyembamba wala kukata pingili, lakini tina haihitaji mkono, unamwaga tu na kufuta kwa kitambaa. Ulitaka kukigusa. Hilo ningelielewa. Ungeniambia, ningekuambia uitie juu ya mnara wa mzinga ambako hakuna kinachovutwa, na tungekuwa tumekijenga wote wawili kweli.

Jingine ndilo silielewi. Kikiwa kizima kilikuwa chako. Kilipovunjika kikawa changu, na mwenye kunipa kazi alikuwa njiani kutoka kwenye chakula cha mchana.

Mama, na wewe nakuuliza. Kadi ni mwandiko wako. Ya pili uliiandika lini? Ile barua ya Mei ishirini umeiandika kwa mkono wako kuanzia juu mpaka chini, na ni barua ya kwanza ambayo hukuniongezea neno lako hata moja. Niliisoma mara nyingi kwa furaha na sikuliona hilo.

Bwana Kuze amejibu. Anasema ameiona kazi yangu, na ananishauri nikae miaka mitatu minne chini ya mwalimu niliye naye nyumbani, kwa kuwa nina bahati ya kuwa na mwalimu kama huyo.

Baba, sina ombi la kadi tena. Ombi langu ni hili: mwandikie Bwana Kuze kwamba tina ilikuwa yako. Mstari mmoja. Sababu ya mikono huna haja ya kuisema, sema ulikosea kipimo. Kila mtu hukosea kipimo.

Chinami


Shimizu, 14 Juni

Chinami,

Mvua za mwezi huu zimeanza, nguo hazikauki.

Bwana Kuze amenipigia simu. Kuna jumba la makumbusho kaskazini linafunguliwa vuli, linataka trekta la minyororo la kukokotea mizinga, lile la wakati wa vita, lenye matope kama ya gari la kuvukia mto. Ameniomba nilijenge mimi. Nimekubali. Anataka liwe tayari kabla ya Obon, sikukuu ya wafu ya mwezi wa nane.

Boksi nimelituma jana kwako. Fremu za vipande ziko kamili, nimezihesabu. Anza na sehemu ya chini kama kawaida, paka rangi kabla ya kufunga magurudumu. Mfuniko wa dereva ufunge.

Ukimaliza lilete hapa, nitalipeleka Tokyo mwenyewe.

Mambo ya Mei yamepita. Umri wako bado unaruhusu mambo kupita. Wangu hauruhusu.

Baba yako

(Chinami, amekwenda kuoga, naandika haraka. Kadi zote mbili niliziandika siku moja, mwezi wa nne. Alisema andika mbili, tutaamua huko huko. Nilifurahi sana nikiandika yako, nilirudia mara tatu mpaka herufi zikakaa sawa. Nilifikiri nimemshinda. Barua ile ya Mei alinitamkia neno kwa neno nami nikaandika, na aliponiuliza kama nina la kuongeza nikasema sina. Ningeongeza nini? Asubuhi ya Jumamosi sikuwepo ukumbini, lakini Ijumaa nilimwona akifuta magurudumu kwa shati lake la zamani, mikono haitulii, na uso wake ulikuwa kama uso aliokuwa nao tulipooana. Sikumzuia. Mama.)


Sendai, 30 Julai

Baba,

Nyenze wa huku hawapigi kelele kama wa Shimizu, na sikuona usumbufu.

Trekta nimelimaliza. Mwanzoni boksi nililiacha mlangoni siku nyingi, nikilipita kama mgonjwa wa mtu mwingine. Nilitaka kukurudishia halijafunguliwa. Nilikuwa nimeshaiandika hata barua ya kukurudishia, ilikuwa barua nzuri, yenye heshima, ungeumia.

Halafu jioni moja nikaikata fremu ya kwanza, nijue tu plastiki yake ni ngumu au laini. Ni laini. Nilijua kwamba nikilijenga nitalijenga vizuri, kwa sababu sijui kujenga vibaya, na nilikasirika kwamba na wewe ulilijua hilo ulipolituma.

Pingili safari hii zilikuwa za kuunganisha moja moja, hakuna mvuto, hakuna kitakachokatika. Mlango wa dereva niliukata nikaujenga upya uwe wazi, na ndani nikaweka kiti chenye mgongo uliochakaa upande mmoja, kama mtu aliyekuwa akikalia ubavu kwa sababu amechoka. Matope nimeyaacha mabichi chini na makavu juu. Hilo la mabichi nimelichukua kutoka kwenye tina yako. Kifaru kilichovunjika kimenifikia, Mama alinitumia, na nilipokitazama kwa kioo, mahali ambapo hapakukatika, yale matope yaliyolowa yalikuwa mazuri kuliko yangu. Nakuambia kwa sababu ni kweli.

Sikulileta Shimizu. Jana nimelituma Tokyo, kwa Bwana Kuze moja kwa moja. Kadi nimeiandika mwenyewe. Ina jina moja. Sikumwandikia barua, sikusema neno juu ya mikono yako, wala juu ya gari la kuvukia mto, wala juu ya Mei. Akitaka kujua atauliza, na atakayeulizwa ni wewe, kwa sababu kazi alikuomba wewe.

Chinami


Shimizu, 11 Agosti

Chinami mwanangu,

Leo hakuna anayenitamkia. Naandika yangu.

Barua yako ilifika baba yako akiwa anakata nyasi za makaburini kwa ajili ya Obon. Nilimsomea jioni. Alipanda juu, akateremsha taa yake ya mezani na kioo chake na vile visu vyote, akavipanga kwenye boksi, akalifunga kwa kamba. Kufunga tu kulimchukua muda, na hakutaka nimsaidie. Kesho yake alimpigia Bwana Hikita akasema wachague mwenyekiti mwingine. Bwana Hikita alikuja mbio na tikiti maji mkononi. "Katsumata, nani amekuudhi? Niambie, nikamuudhi na mimi." Baba yako akasema amechoka na plastiki. Bwana Hikita aliondoka hajala hata kipande.

Jana Bwana Kuze amepiga simu. Mimi nilikuwa jikoni nakosha mchele, mlango wazi, sauti ya yule bwana ni kubwa kuliko umbo lake, nilisikia karibu yote. Alisema trekta limefika na karakana nzima imesimama kulitazama. Alisema kile kiti cha dereva hajawahi kuona. Halafu akasema, kwa upole, alidhani kazi hii angeifanya mwalimu, lakini kadi ina jina la mwanafunzi, na mkono huu anaujua, ndio wa gari la kuvukia mto. Akauliza, "Bwana Katsumata, naomba nielewe. Kile kifaru cha Mei, kilichovunjika, kilikuwa cha nani?"

Baba yako alikuwa amekishika kisikilizio kwa mikono miwili. Nilizima bomba ili nisikie. Nilijua wewe ungetaka nisikie.

Akasema, "Kile cha Mei kilikuwa changu."

Bwana Kuze akangoja. Labda alidhani kuna maelezo. Baba yako akaaga vizuri, akamshukuru kwa simu, akakata.

Chinami, nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na moja na usiku kucha nimejiuliza ndani ya neno hilo kulikuwa na nini. Kama amelichukua kosa lake ili wewe usafike, basi amefanya ulichomwomba, amechelewa lakini amefanya. Na kama alichokisikia ni kwamba kile kilikuwa kifaru bora kuliko vyote vilivyowahi kukaa kwenye meza ile, na hakuweza kukiacha kiondoke hata kikiwa vipande, basi amekunyang'anya mara ya mwisho kwa simu. Bwana Kuze amesema atakuandikia. Nadhani kazi utapata. Sijui atakuwa anaamini nini.

Nilimwendea nikamuuliza wazi. Nikasema, "Baba Chinami, pale ulikuwa unamtetea mtoto au ulikuwa unachukua?" Alinitazama kama nimemuuliza kwa lugha ya watu wengine. Akasema, "Lete chai."

Obon mwaka huu usije. Hakusema yeye, nasema mimi. Nitawaambia majirani una kazi, na safari hii haitakuwa uongo. Njoo vuli, au niambie nikutane nawe Tokyo, nitakuja na treni ya asubuhi nirudi jioni.

Nilimletea chai yake. Nilijaza kikombe nusu, kama ninavyofanya tangu mikono ilipoanza. Alikisukuma kirudi kwangu akasema, "Jaza." Nikajaza. Akakinyanyua, kikamwagika chote juu ya mkeka, na mimi nikakaa pale bila kwenda kuchukua kitambaa.

Mama yako,
Fusae